Msimamizi wa Kibodi

Kolpapampa, Andahuaylas
3 Agosti 2019

Komadre Hermelinda,

Ukifungua mfuko huu utakuta jibini mbili, mahindi ya kukaanga, na barua hii ndani ya soksi. Jibini ni zako. Soksi nirudishie.

Najua unajiuliza kwa nini ninaandika na simu ipo. Simu ya nyumba hii inashikwa na kila mtu, na wewe ukituma sauti yako inasikika mpaka kwa jirani, mpaka kuku wanatoka kuangalia nani kaja. Hili jambo ni la siri.

Nataka unichagulie kibodi. Ya kompyuta, ya kuchezea gemu. Miaka kumi na tano unauza kinywaji chako cha shayiri ya moto pale mlangoni mwa galeria, lile jengo la maduka ya kompyuta la mtaa wa Wilson, wauzaji wote wanakujua, hakuna wa kukuzidishia bei. Kwenye soksi ya pili nimeweka pesa, soli tisini. Nyingine sina.

Ni ya mtu fulani wa hapa nyumbani. Kuna mashindano kwenye kibanda cha intaneti cha Don Wilber tarehe kumi na nne Septemba, siku ya sikukuu ya mtaa. Watano wetu na watano wa mji jirani wa Talavera. Kila mtu anakuja na kibodi yake kwa sababu za Don Wilber zimechoka. Mwaka jana kitufe kiliganda katikati ya mchezo, huyu mtu akabaki kasimama kama sanamu huku wenzake wanamalizwa, na Talavera wanacheka mpaka leo. Akiharibu tena anatolewa kwenye timu. Wameshamwambia.

Basi angalia haya. Vitufe visiwe vigumu, vidole vinamuuma. Akibonyeza vinne kwa mpigo vyote vikubali, kisipotee hata kimoja. Na isipige kelele.

Nakuomba uwe msimamizi wake, kama ulivyosimamia ubatizo wa binti yangu Yeni, tukawa makomadre, na baraka za lori la kaka Teofilo. Kitu ukikisimamia wewe nakuwa na amani nacho.

Usimwambie mtu.

Komadre wako,
Saturnina


Lima, 12 Agosti 2019

Komadre wangu wa roho,

Jibini moja ilikwisha kabla sijamaliza kusoma. Nilipofika pale pa kuniomba usimamizi nikafurahi mpaka nikamwagia mteja shayiri kwenye kiatu. Nimesimamia watoto sita, lori, jezi za mpira, keki za harusi tatu, lakini kibodi bado. Ni mimi wa kwanza Wilson nzima, nimeulizia.

Siri yako iko salama, sijamwambia mtu. Nimemwambia Nilton tu, kwa sababu yeye ndiye muuzaji, na yule mama muuza chaja kwa sababu alikuwa kasimama hapo hapo na ningeonekana mkorofi kunyamaza. Na binamu Gliceria. Lakini Gliceria ni damu.

Sasa sikia. Nilton unamjua, yule mwenye upara wa ghorofa ya pili, anayetaka limau mbili kwenye shayiri yake. Nilimwachia mama wa chaja mkokoteni wangu nikapanda ngazi na aproni yangu hivyo hivyo. Akanitolea kibodi saba akazipanga kama samaki sokoni. Anasema ziko za aina mbili. Ya kwanza chini ya vitufe kuna shuka moja la mpira, unabonyeza na kubonyeza, kidole kinazama kama mguu kwenye matope. Ya pili kila kitufe kina springi yake, kama nyumba ya kupanga kila mtu na mlango wake. Halafu hizo za springi nazo zina tabia. Zenye springi za bluu zinapiga tak, tak, tak, utadhani mtu anakata vitunguu na ana hasira na mumewe. Zenye nyekundu zinashuka laini na hazisemi kitu. Nilizibonyeza zote kwa kidole hiki kilichoungua na birika. Nyekundu hata hakikuuma.

Lakini komadre, kuna moja ya shuka la mpira, soli sitini na tano tu, inawaka rangi zote kama madhabahu ya Krismasi. Rangi zinatembea zenyewe kutoka huku kwenda huku. Nikamwambia Nilton nifungie hiyo hiyo, na chenji nimnunulie komadre kuku mzima wa kuchoma. Nilton akaniangalia kama mama mkwe.

“Mama Herme,” akasema, “taa hazibonyezi.”

Akaichomeka kwenye kompyuta, akaniambia nibonyeze vinne kwa mpigo. Kwenye kioo vikatokea vitatu. Nikarudia, vitatu. Cha nne kimekwenda wapi hakuna anayejua. Akachomeka nyingine ndogo nyeusi, yenye springi nyekundu, imekatwa ule upande wa tarakimu, nyepesi, haina hata taa moja ya kuonea aibu. Nikabonyeza vinne, vikaja vinne. Nikaweka kiganja kizima, vikaja vyote. Anataka tisini na nane. Nimemwambia atakunywa limau moja mpaka ashuke, na ameshaanza kulegea. Ananiwekea mpaka Jumamosi ya wiki ijayo.

Mimi moyo wangu bado uko kwenye taa, nisikufiche. Niambie ipi.

Na huyo mtu fulani nimeshamjua. Hana umri wa kuumwa vidole, ila ni mvivu, ndiyo maana vinamuuma. Anashinda kwenye gemu, na mnamficha. Ni mchumba wa Yeni. Hongera, lakini mwambieni atafute kazi.

Mwenye kukupenda na kufunga mdomo,
Hermelinda


Kolpapampa, 20 Agosti 2019

Hermelinda,

Barua yako ilifika Ijumaa. Habari zake zilifika Jumatano. Gliceria alikuja kununua viazi soko la Andahuaylas, na Jumapili nzima wanawake walikuwa wananiuliza harusi ya Yeni ni lini, na kama kweli mkwe ana ugonjwa wa vidole. Mmoja kaniletea mafuta ya nyoka. Yeni hasemi na mimi. Hana mchumba, anasomea uuguzi.

Usiniletee taa. Nunua ile ndogo nyeusi yenye springi nyekundu. Hakikisha vitufe vinang'oka kimoja kimoja kwa ajili ya kusafisha, muulize Nilton. Upande wa tarakimu hauna kazi, umekatwa vizuri, mkono wa kipanya unapata nafasi. Na waya usiwe mfupi, meza za Don Wilber ziko mbali na mashine.

Hivi vidole si vya uvivu. Ni vidole vilivyosokota sufu miaka thelathini.

Naongeza soli tano. Zimo kwenye mahindi, tafuta vizuri kabla hujala.

Saturnina


Lima, 30 Agosti 2019

Komadre,

Kazi imekwisha na imekwisha kwa heshima. Nilton kashuka mpaka tisini na tano na kaninyanyulia mikono juu kama mtu anayekabwa. Vitufe vinang'oka, kaning'olea kimoja nione, na waya ni mrefu wa kuanikia nguo.

Gliceria nimemsema vibaya mpaka akalia, halafu tukanywa shayiri.

Sasa nikueleze ubatizo, maana mimi si msimamizi wa kununua na kutupa kwenye basi. Nilipanga mkokoteni wangu pembeni, nikatandika kitambaa cheupe, kibodi katikati na utepe mwekundu. Alikuja mama wa chaja, alikuja Gliceria na dumu la chicha, pombe aliyoipika mwenyewe, ile ya mahindi mekundu, nzito, tamu. Walikuja wauzaji wanne wa ghorofa ya chini. Nikasema maneno. Nikasema ewe kibodi, usigande, usimwaibishe mwenyewe, uwale Talavera wote. Halafu nikaimwagia chicha. Unajua lori la Teofilo nililimwagia tairi nne. Kibodi haina tairi, nikamwagia pembe nne, na kidogo katikati ili baraka isibaki pembeni tu. Ardhi nayo ikapata yake. Watu wakapiga makofi.

Nilton alikuwa kapanda juu kuchukua boksi. Alivyorudi alisimama, akaweka mikono miwili kwenye upara wake. Nadhani aliguswa. Kwao pwani hawana mambo haya.

Nikaifuta na aproni, nikaifunga kwenye nailoni mbili ili isipate unyevu njiani, na nimeituma kwa basi la leo.

Jambo lingine, na hili nasema kama dada. Miaka thelathini ya kusokota sufu. Umejikwaa mwenyewe, komadre. Huyo si mchumba wa mtu. Huyo ni Casimiro, mumeo, na ndiyo maana unaona aibu hata kuniambia. Sikulaumu. Mtu ana miaka sitini anakwenda kukaa kibandani na watoto wa shule kupigana vita vya kwenye kioo, watu watacheka na wana haki ya kucheka. Ningekuwa wewe ningemfichia kofia asitoke nje. Lakini kibodi tayari ina baraka, basi acheze mara hii tu, halafu umtulize nyumbani.

Sijamwambia mtu. Kweli mara hii. Mama wa chaja alikisia mwenyewe.

Msimamizi,
Hermelinda


Kolpapampa, 3 Septemba 2019

Hermelinda,

Nimefungua nailoni zako mbili. Kulikuwa na sisimizi ndani, wamesafiri kutoka Lima bila tiketi. Chicha imekauka chini ya vitufe ikawa gundi. Vitufe kumi na saba havishuki. Vingine vinashuka na havirudi. Siku kumi na moja zimebaki.

Lori lina injini chini na tairi nje, komadre. Hii yote ni injini.

Na sasa nikuambie, kwa sababu kukaa nalo moyoni kumenichosha kuliko vidole. Casimiro hajawahi kugusa kompyuta. Huyo anayepigana na watoto wa shule ni mimi, na miaka yangu hamsini na nne.

Unajua napeleka chakula cha mchana kwa Don Wilber kila Jumanne na Ijumaa. Miaka miwili nyuma mchezaji mmoja aliugua tumbo siku wanacheza na Talavera, na wakiwa wanne wanahesabiwa wameshindwa. Wakaniambia, mama Satu, kaa hapo tu kwenye kiti, usiguse kitu. Nikakaa. Nikagusa. Sikuona ugumu wake. Ukisokota, mkono mmoja unavuta, mwingine unazungusha, na macho yako kwenye kondoo. Huko ni hivyo hivyo. Mkono huu kwenye vitufe, huu kwenye kipanya, macho kwenye ngome, na wewe huangalii vidole. Walishangaa. Toka siku ile kiti ni changu. Kazi yangu ni kuwalinda wenzangu na kuwaponya, nakaa nyuma yao. Hawaniiti bibi. Wananiita Nina, na kwenye kioo hakuna anayejua nina meno mangapi.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Nilijua ungecheka, na kweli umecheka, ila ulidhani unamcheka Casimiro. Mwaka mzima nimekaa na jina la sanamu. Sitaki kiti kile kiondoke. Ni kitu changu peke yangu hapa duniani ambacho hakikamuliwi, hakifuliwi na hakipikwi.

Kama Nilton ana dawa, muulize. Kama hana, basi nitakaa na kibodi iliyoganda, watacheka na wewe cheka.

Saturnina


Lima, 6 Septemba 2019

Saturnina,

Nimesoma barua yako, nikaacha mkokoteni, nikapanda moja kwa moja kwa Nilton.

Nilton anasema inapona. Kwanza chomoa waya. Ng'oa vitufe vyote kwa hiki kibanio ninachokutumia, polepole, na uvipange chini kama vilivyokaa. Vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, vikauke mpaka ndani. Huku kwenye springi usitie maji hata tone. Tia spiriti kali ya duka la dawa, matone mawili kila moja, ubonyeze mara hamsini, ufute, urudie. Halafu uilaze kifudifudi kivulini siku mbili nzima. Usiweke karibu na jiko. Basi halikubali kubeba spiriti, nimejaribu, nimefukuzwa. Kama kwenu haipo, Nilton anasema gongo ya miwa ile kali ya mwanzo, isiyotiwa sukari, inafanya kazi hiyo hiyo.

Nimekusema vibaya, komadre. Nimesema watu wana haki ya kucheka. Hawana.

Mimi mwenyewe saa kumi jioni, wateja wakipungua, huwa napanda ghorofa ya pili nikabonyeze kibodi za Nilton bila sababu. Hilo sijamwambia mtu.

Hili lako nimelijua siku mbili na sijalitoa. Kwa Gliceria nimekaa naye saa nzima nikazungumzia bei ya limau. Mama wa chaja kaniuliza kama naumwa. Ninaumwa. Lakini halitoki.

Hermelinda


Kolpapampa, 16 Septemba 2019

Komadre wangu,

Kaa chini. Zima jiko la mkokoteni.

Barua yako ilifika Jumapili ya tarehe nane. Duka la dawa la hapa lina spiriti ya kupaka watoto kitovu tu, kachupa kama kidole, basi nikachukua gongo ya Casimiro, ile anayoificha nyuma ya mbolea akidhani siijui. Nikatandika blanketi uani, nikang'oa vitufe themanini na saba, nikavipanga. Nikiwa katikati ya kusugua Casimiro akarudi kutoka shambani. Akaangalia. Akadhani nachambua maharage, akakaa chini, akachukua kitambaa, akaanza kusugua na yeye bila kuuliza. Tumesugua robo saa nzima. Ndipo akainua kimoja akakigeuza geuza juani, akaniuliza hili ni zao gani.

Nikamwambia yote. Nikamwambia timu, nikamwambia sanamu, nikamwambia gongo yake. Akakirudisha kile kitufe mahali pake.

“Kumbe ndiyo maana Jumanne nakula viazi baridi,” akasema, na akachukua kitufe kingine.

Alibonyeza springi zote mara hamsini hamsini, akihesabu kwa sauti. Siku mbili ikalala kifudifudi kwenye kivuli cha ghala, na yeye anafukuza kuku.

Ilipona yote ila kitufe kimoja. Ni kile cha kurudi nyumbani. Kwenye mchezo wetu ukijeruhiwa unakibonyeza, unarudi ngomeni kwako kupona, halafu unaanza tena safari. Kila aliyecheza na mimi anajua tabia yangu. Mimi ni mwoga, komadre. Nikikwaruzwa tu, nakibonyeza. Talavera walikuwa wameshapiga hesabu hiyo. Wanikwaruze, nirudi nyumbani, waingie kwa wenzangu wanne wasio na wa kuwaponya.

Jumamosi kibanda kilijaa, watu wamesimama mpaka kwenye mlango wa kinyozi. Mwamuzi katoka Andahuaylas. Kafika kwenye meza yangu, kanusa, kaniangalia, kanusa tena, kaniuliza kwa adabu kama mama amekunywa. Nikamwambia mimi sijanywa, aliyekunywa ni kibodi. Kanusa kibodi, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akapita.

Mchezo wa kwanza tumeshinda, wa pili wameshinda wao. Wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho. Wakaja watatu kwa pamoja kunikwaruza. Nikabonyeza kile kitufe kwa mazoea, hakishuki. Nikabonyeza tena. Chicha ya Gliceria, ngumu kama jiwe. Nilisikia mmoja wa Talavera nyuma ya ukuta wa mbao anasema sanamu amerudi.

Basi nifanye nini. Nyumbani hakuna njia. Vitufe vingine vyote viko laini kama siagi, nikabonyeza vinne kwa mpigo, vikaja vinne. Nikaenda mbele. Sijawahi kwenda mbele maisha yangu yote ya kioo. Nikawaponya wenzangu hapo hapo katikati ya vita huku natafunwa, na Talavera wakachanganyikiwa, kwa sababu walikuwa wameshakwenda kunisubiri kule ninakokimbiliaga. Wenzangu wakapita katikati. Ngome yao ilianguka mimi nikiwa nimebakiwa na damu kama tone la mwisho la spiriti.

Casimiro alinibeba. Mtu wa miaka sitini na mgongo wake ule. Halafu alilala siku nzima na chupa ya maji moto.

Vijana wanataka nikisafishe kile kitufe. Nimekataa. Kiti ni changu mwaka mwingine, na kitufe kibaki hivyo hivyo, kina baraka ya msimamizi.

Sasa nisikilize vizuri. Fungua mdomo. Waambie Wilson nzima, anzia ghorofa ya chini mpaka paani, usimruke mtu. Jina langu lote, Saturnina Oscco Huaraca, na umri wangu, na vidole. Gliceria mpe mwisho ili afike sokoni akiwa na moto. Na ukifika pale pa mwamuzi kunusa, usiharakishe.

Nimekutumia jibini tatu.

Komadre wako,
Nina


Lima, 21 Septemba 2019

Komadre Nina,

Barua hii ni fupi kwa sababu mkokoteni umezungukwa na watu kumi na wanne, shayiri imepoa, Nilton kanunua limau kwa pesa yake, na nimeanza toka saa mbili asubuhi na bado hata sijakukalisha kwenye kiti.

Msimamizi wa kibodi,
Hermelinda